Sharti la Nambua

Balaa la nyumba ya Loth halikuja na radi wala tetemeko. Lilianza na nepi.

Careen, mkewe, alikuwa amefua nepi saba asubuhi ya Jumanne na kuzianika kwenye kamba nyuma ya jiko. Alipokwenda kuzianua saa nane mchana alikuta sita. Upepo haukuwepo, mbwa hawakufuga, na katika kijiji cha Isarawe, huko milimani Upare, juu ya Vudee, hapajawahi kuonekana mwizi mwenye shida na nepi ya mtoto. Loth ndiye aliyeikuta ile ya saba, alasiri ileile, alipowapeleka wageni makaburini nyuma ya kanisa. Ilikuwa juu ya kaburi la Dorkas Nambua, imekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe, mkunjo wa mtu asiye na haraka. Alipoiinua ilinuka mafuta ya nyonyo, yale mazito ambayo wakunga wa zamani waliwapaka watoto wachanga. Nyumbani kwake hayakuwepo mafuta ya namna hiyo.

Akaisokomeza mfukoni, akaendelea na wageni. Mtu na kazi yake.

Na kazi ya Loth ilikuwa maneno. Alikuwa mtembeza wageni, tena hodari, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye ulimi uliopakwa asali. Aliwaonyesha kanisa la mawe walilojenga Wajerumani, makaburi yaliyo chini ya mikaratusi, ndiva, yaani bwawa la wazee la kumwagilia mashamba, kisha akawapandisha hadi kwenye Mwamba wa Vigego. Kila Mpare anajua kigego ni nini, hata anayejifanya hajui: mtoto anayeanza kuota meno ya juu. Zamani mtoto huyo alihesabiwa mkosi wa ukoo mzima. Alipelekwa mwambani, akalazwa kwenye mteremko juu ya korongo, na usingizi ukamalizia kazi ambayo baba na mama hawakuwa na moyo wa kuimaliza.

Kisa hicho kilikuwa cha kweli, na kilitosha. Lakini Loth hakuwa mtu wa kutosheka. Miaka miwili kabla ya siku ya nepi, wageni wawili walipiga miayo mbele ya makaburi ya wamisionari, naye akaona aibu, akatafuta cha kuwaamshia. Jicho lake likaangukia jiwe dogo la pembeni lililoandikwa: DORKAS NAMBUA. ALIWAPOKEA WOTE. Alikuwa amelipita tangu utotoni bila kujua habari zake. Akanyoosha kidole.

"Huyu mwanamke," akasema, "ndiye aliyekuwa akiwapokea vigego kutoka kwa mama zao na kuwasukuma mwambani. Na wa kwanza kumsukuma alikuwa mwanawe wa kumzaa, kwa mikono yake miwili."

Miayo ikakoma. Mgeni mmoja alitokwa na machozi. Tangu siku hiyo kisa kikanona kila kilipotolewa: Nambua akapewa kicheko, akapewa macho mekundu. Loth akapachika hata kibao cha bati, Kaburi la Mama Muuaji, na kwenye ramani ya simu akaweka alama kwa jina hilohilo ili wageni wasipotee. Maskini Nambua hakuwa na mtu wa kumtetea. Hivyo ndivyo Loth alivyodhani, na ndivyo wadhanivyo wote wanaowasengenya marehemu.

Baada ya nepi ukaja wimbo.

Loth alirudi nyumbani saa sita mchana akamkuta Careen barazani anachambua maharage ya makande, mtoto wao Nakundwa amelala mgongoni. Careen alikuwa akiimba bembelezi ya Kichasu, lugha ya Wapare, taratibu, beti baada ya beti. Loth alisimama mlangoni akisikiliza. Careen ni mzaliwa wa Ugweno, ambako lugha ni nyingine. Kichasu chake kilikuwa cha kuombea maji, na hata hicho watu walikicheka kisimani.

"Mama Nakundwa, wimbo huo umeutoa wapi?"

"Wimbo gani?" Careen akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi sikuwa naimba."

Siku ya tatu alimwita mumewe chumbani, akafunga mlango ingawa hapakuwa na mtu mwingine, akamfungua mtoto mdomo kwa kidole. Ufizi wa chini ulikuwa laini kama alivyozaliwa nao. Wa juu ulikuwa na vidoti viwili vyeupe.

"Ni meno tu," Loth akasema.

"Ni meno tu," Careen akaitikia, na sauti zao zilikuwa za chini mno kwa watu wanaosema jambo lisilo na neno. "Usimwambie mtu, baba Nakundwa. Najua siku hizi hakuna mambo hayo. Lakini usimwambie mtu."

Ukungu wa Upare si mgeni. Hushuka na kupanda kila unapotaka. Lakini wiki ile ulianza kuja saa saba za mchana, jua likiwaka kijiji kizima, na kusimama kwenye ua wa Loth peke yake. Ndani yake ilisikika fimbo ikigonga mawe ya njia, kò, kisha kimya, kisha kò, mwendo wa mzee apandaye mlima na mzigo mgongoni, na harufu ya nyonyo ikatangulia fimbo, ikaingia jikoni, ikakaa kwenye makande hata yasilike. Loth alitoka kutazama mara ya kwanza, hakuona mtu. Mara ya pili hakutoka.

Jumamosi, ukungu ulipopanda, nyumba ilikuwa tupu. Sufuria lilikuwa mekoni, kanga ya Careen imening'inia mlangoni, na njia ya nyuma ina nyayo za miguu mitupu. Loth alikimbia kama mtu aliyeumwa na siafu, akapita migombani, akapita ndiva, akamkuta mkewe katikati ya njia ya mwambani akitembea kwa mwendo uleule wa kizee, Nakundwa mikononi, macho yake Careen wazi kabisa na hayaoni kitu. Alimshika bega. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Careen! Unakwenda wapi na mtoto?"

Careen aligeuza shingo polepole. Sauti iliyotoka si yake, ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo.

"Ulisema mama alimsukuma mwanawe. Basi mama atamsukuma."

Kisha akaanguka mikononi mwa mumewe akilia na kuuliza walikuwa wapi. Loth alimbeba mke, akambeba mtoto, akawarudisha nyumbani.

Mchungaji alikuja, akaomba, nyumba ikatulia siku mbili. Siku ya tatu fimbo ikagonga tena. Basi Loth akafanya ambalo Walutheri wengi wa mlimani hulifanya bila kulisimulia: alipanda bodaboda akiwa na mkewe na mtoto, akateremka hadi Same kwa Shehe Abubakari, mtu anayejulikana kwa kuondoa majini.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba. Mleteni mama hapa."

Shehe alisoma, akafukiza ubani, akasoma tena. Careen alikaa ametulia kama mgeni aliyesubirishwa chai. Hakutetemeka, hakupiga kelele. Alasiri ikaingia, shehe akafunga kitabu, jasho likimtiririka, akamwita Loth nje.

"Kijana, jini ningelisema naye. Jini hutaka hina, hutaka manukato, hutaka kuku mwekundu, anadanganyika. Huyu hakuitikia hata moja, kwa sababu hakuja kutaka kitu. Huyu ni mtu aliyekufa, na amekuja na haki mkononi. Mwenye haki mimi simfukuzi." Akamkazia macho. "Umemsema nini marehemu?"

Loth akaeleza. Kila alivyoeleza ndivyo kisa kilivyozidi kumnukia mdomoni.

"Nenda ukaulize ukweli wake kwa wakubwa wako," shehe akasema. "Kisha usimame mbele ya watu uuseme. Useme wote. Ukibakiza hata punje, atapitia hapohapo ulipobakiza."

Mkubwa aliyebaki kwa akina Loth alikuwa Shangazi Anaeli, dada wa marehemu baba yake, mwenye miaka themanini na ushei. Alimkuta akianika tangawizi. Loth alipotaja jina la Nambua, mkono wa bibi ulisimama hewani.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilipoona kile kibao chako nilijua."

"Shangazi, alikuwa nani?"

"Alikuwa mama asiyezaa, Loth. Watoto wakilazwa mwambani, yeye alikuwa chini. Kuna ukingo wa jiwe pale, ukichungulia utauona. Alitandaza kaniki, akafunga pembe zake nne kwenye miti, akakaa ukingoni na mvua na jua. Waliobingirika aliwapokea. Aliwapaka nyonyo, akawanywesha maziwa ya mbuzi, akawapeleka misheni wakabatizwa. Ndiyo maana ya maneno yaliyo kwenye jiwe lake."

Loth akajishika kichwa.

"Sijamaliza," bibi akasema, na sauti ikashuka hata Loth akalazimika kuinama. "Babu yako Zefania alikuwa kigego. Aliokotwa ndani ya kaniki ile. Mimi na baba yako, na wewe, na huyo kichanga wako, tusingekuwepo. Umemtukana aliyetuzaa mara ya pili."

"Mbona hukusema? Miaka miwili unanisikia, unanyamaza!"

"Niseme nini? Niseme ukoo wetu umetoka mwambani? Nani angeoa kwetu? Baba alituapisha." Machozi yakamtoka bibi kwa hasira na aibu pamoja. "Safisha jina la Nambua, mwanangu, nakusihi. Lakini la babu yako liache alikolala."

Loth alipoinuka, bibi akamshika mkono.

"Na umlinde huyo mtoto. Nambua alikuwa na sharti moja. Wazazi wengine walijuta, wakamfuata wakilia warudishiwe watoto. Aliwajibu wote neno moja: uliyemtupa si wako tena. Hakumrudisha hata mmoja."

Jumapili, ibada ilipokwisha na watu wametoka nje kwa mnada wa mavuno, ndizi na kuku vikinadiwa, Loth alimwomba mwinjilisti nafasi. Alisimama mbele ya usharika akiwa ameshika kibao chake cha bati, amekikunja. Akasema alidanganya. Akaeleza habari za kaniki, ukingo, maziwa ya mbuzi, na kwa kuwa alikuwa Loth alizieleza vizuri, akina mama wakajifuta macho kwa vitenge. Mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Na watoto hao waliishia wapi?"

Loth akafungua mdomo. Jina la Zefania lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Akamwona Shangazi Anaeli kwenye benchi la mbele, akitikisa kichwa taratibu, mikono imekumbatia biblia. Akawaona vijana wa jirani ambao wangemcheka. Akakumbuka vidoti viwili katika ufizi wa binti yake na maneno ambayo watu wangeyaunganisha.

"Hilo," akasema, "halijulikani."

Wala hapakutokea kitu. Jua liliwaka, kuku akapata mnunuzi, Careen akamwinamia mumewe sikioni na kusema kwa sauti yake mwenyewe kwamba ana njaa. Alasiri Loth alifuta alama yake kwenye ramani ya simu, akapalilia kaburi la Nambua, akalipaka chokaa. Wiki tatu zikapita nyumba ikiwa shwari, ukungu ukienda huko kwingine kunakostahili ukungu. Meno ya Nakundwa yakatoka yote mawili, ya juu, na mama yake akacheka kila mtoto alipomng'ata. Loth akajiambia kwamba punje moja haijazi kibaba. Masikini, alisahau kuwa ni punje hiyohiyo iotayo.

Siku ya ishirini na mbili, saa saba mchana, hodi ikapigwa. Walikuwa vijana watatu waliopanda kutoka Same, wawili wa kiume na dada mmoja, simu mikononi.

"Mambo, bro. Samahani, hapa ndiyo kwa Mama Muuaji?"

Loth akasimama katikati ya mlango. "Hapana. Hakuna mahali hapo. Nimeshapafuta."

"Mbona ramani imetuleta hapa mlangoni?" Dada akamgeuzia simu. Alama nyekundu ilikuwa imesimama, si makaburini, bali juu ya paa lake. Jina lilikuwa lilelile. Chini yake palikuwa na picha ya baraza yake, kanga ya Careen imening'inia mlangoni. "Angalia, kaka. Imeandikwa pako wazi leo."

Hapo ndipo harufu ya nyonyo ilipompita begani, ikitokea ndani.

Loth aligeuka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na nje yake hapakuwa na ua, hapakuwa na migomba, palikuwa na weupe mtupu, na katika weupe huo fimbo ikagonga, kò, na bembelezi ya Kichasu ikapanda kutoka mbali, imeshapita ndiva, na Loth akakimbia akiita jina la mkewe na jina la mwanawe, akijikwaa, akianguka, akiinuka na damu magotini, na alipoona kuwa miguu haitoshi alifanya ambalo alipaswa kulifanya siku ishirini na mbili kabla, alipiga kelele kwa nguvu zake zote, kijiji kizima kikasikia, Vudee nao labda walisikia, "Babu yangu Zefania alikuwa kigego! Nambua alimwokota! Sisi sote ni wa Nambua! Babu yangu alikuwa kigego!" akalisema mara tano, mara kumi, hata sauti ikapasuka, na ukungu ukameza kila neno na kukaa kimya, kwa kuwa kuna maneno ambayo yana siku yake, na siku ile ilikuwa imepita.

Alifika juu ya mwamba ukungu ukianza kufunguka. Careen alikuwa amesimama kwenye mteremko, mikono imenyooshwa mbele, viganja juu, kama mtu aliyetoka kumkabidhi mwenzake sinia. Mikono ilikuwa mitupu.

"Careen," Loth akanong'ona. "Mtoto yuko wapi?"

Careen akapepesa macho. Akaitazama mikono yake. Akautazama mwamba. Kisha akaelewa, na kilio alichokitoa vijana wale watatu walikisikia barazani wakaitupa simu.

Loth alishuka kwa kucha hadi kwenye ukingo. Wanaume wa kijiji walishuka nyuma yake, wakatafuta kichaka kwa kichaka hadi korongoni, siku hiyo na siku nne zilizofuata, na polisi wakaja kutafuta pia. Hawakupata mwili, wala tone la damu, wala kiatu. Kwenye ukingo wa jiwe, mahali pakavu, Loth alikuta nepi moja imekunjwa mara nne, na kwenye miti minne iliyozunguka ukingo, ikiwa imechubuka maganda, alama mbichi za kamba.

Basi akajua mwanawe hakufa. Ungedhani hilo lingemfariji.

Shangazi Anaeli naye aliusema ukweli wote wiki ile, kanisani, akiwa amepiga magoti. Haukumrudisha mtu. Careen alikaa siku nyingi akiyakamua maziwa yake ardhini, kwa sababu kifua hakikujua kilichotokea na kiliendelea kujaa kila mtoto alipostahili kunyonya. Hawakuhama. Wangehamaje?

Maana saa saba mchana, ukungu ukishuka, wote wawili huenda makaburini wakakaa karibu na jiwe lile. Fimbo hupita upande wa pili wa mikaratusi, na pamoja nayo sauti ya mtoto. Mwanzo ilikuwa inagugumia tu. Kisha ikajifunza kucheka. Mwezi uliopita ilianza kusema, kwa Kichasu safi kisicho na lafudhi ya Ugweno, na neno la kwanza ililosema, wazi kabisa, hatua chache kutoka walipokaa, lilikuwa ni kumwita mama.

Careen alisimama akaitika.

Mtoto akanyamaza, kama wanyamazavyo watoto wakisikia sauti ya mtu wasiyemjua. Kisha mtu mwingine akaitika mle ukunguni, taratibu, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na vicheko vyao vikaondoka pamoja kuelekea mwambani.